Watatu Walioulinda Mji, na Kiti Kimoja

Pembe ililia usiku. Mara moja, kwa pumzi ndefu, kisha kimya.

Usiku huo haukuwa wa dunia yetu. Nje ya ukumbi wa gemu wa Mama Tusekile ilikuwa alasiri, mvua ya Tukuyu ikipiga bati, na watu wamebanana kwenye mabenchi na makoti yao mabichi. Usiku ulikuwa ndani ya vioo vya kompyuta, ndani ya gemu iitwayo Kuta na Minara, ambamo mji wa mawe ulikuwa umelala na adui amevuka mpaka. Pembe ile haikuambii adui ni wa aina gani, wala anatokea wapi. Inakuambia tu kwamba amekuja.

Basi sogeeni, mnaosikiliza, wakubwa kwa wadogo. Nawapa mji mmoja, walinzi watatu na kiti kimoja. Nitasema mpaka mahali fulani, kisha nitanyamaza, na zamu itakuwa yenu.

Wa kwanza ni binti, Bupe. Bupe alikuwa na macho. Katika gemu hii, mchana unawaona askari wenyewe, na kofia zao na mikuki yao. Usiku unaona alama tu, visanduku vidogo vinavyotambaa kwenye ramani. Kisanduku chenye mistari miwili iliyopishana ni askari wa miguu. Chenye mshazari mmoja ni wapanda farasi. Chenye nukta nyeusi ni mizinga. Chenye kitu kama kitana cha meno matatu ni wachimbaji, wale wanaotoboa chini ya kuta. Maelezo ya gemu yameandikwa kwa lugha ambayo hakuna anayeisoma Tukuyu, kwa hiyo vijana wa ukumbi ule walijifunza alama kwa kupigwa. Walipigwa na kitana, wakakijua kitana. Walipigwa na nukta, wakaijua nukta. Wengine walisahau. Bupe hakusahau hata moja.

Wa pili ni Lusajo. Lusajo alikuwa na mikono. Mpe mawe, atakupa ukuta. Mpe mawe machache, atakupa ukuta vilevile, ila atakuuliza mnara ule pale una kazi gani. Vidole vyake vilikimbia kwenye kibodi kwa kasi kuliko macho ya watazamaji, naye mwenyewe alikuwa hasemi sana.

Wa tatu ni Gwakisa. Gwakisa alikuwa na moyo. Yeye ndiye aliyeongoza askari, na askari wake walimwiga: hawakutetemeka. Alikuwa na haraka ya kusema, haraka ya kucheka, haraka ya kugombana. Lakini vita vikianza alikuwa kama mtu mwingine aliyekuja kukaa kwenye kiti chake.

Na kiti chenyewe ninachokisema ni hiki. Kampuni moja ya Dar es Salaam inayotengeneza gemu ilikuwa imetangaza kwamba itachukua kijana mmoja kutoka kumbi za kusini, imfundishe kazi hiyo mwaka mzima, impe na mahali pa kulala. Mmoja tu. Ukumbi utakaoshinda mechi ya siku hiyo ndio utakaotoa jina, na jina liwe limefika kabla ya saa kumi na mbili jioni. Bupe alikuwa amemaliza kidato cha sita na matokeo yake hayakumfikisha chuoni. Lusajo alikuwa saidia fundi, akibeba zege juani na mvuani. Gwakisa aliendesha pikipiki ya mtu. Wote watatu walikitaka kiti kile, na hakuna aliyekuwa na mlango mwingine wa kugonga.

Nani atachagua? Kumbi za Tukuyu na Kyela zina desturi yao. Hachagui mshindi, wala hachagui mwenye ukumbi. Anayechagua ni aliyeshindwa. Nahodha wa walioshambulia anasimama mbele ya watu, anamtaja mtu mmoja aliyemshinda. Wenyewe wanasema aliye ndani ya ukuta anajua alichofanya yeye, lakini aliye nje anajua kilichomuumiza. Na jina likipingwa, walioketi wanainua mikono, mikono inaamua.

Siku hiyo walioshambulia walikuwa vijana wa Kyela, na nahodha wao alikuwa Ambokile. Ambokile ni kaka yake Bupe, mama mmoja, baba mmoja. Alipelekwa Kyela kwa baba yao mdogo akiwa bado shule ya msingi, akakulia huko, na huko ndiko alikojulikana.

“Shikamoo, kaka,” Bupe alimwamkia walipokutana mlangoni.

“Marahaba. Leo nakubomolea nyumba.”

“Bomoa. Ila mama amesema ule kwanza, amepika.”

Watu walicheka. Kisha timu ya Kyela ikaingia chumba cha nyuma, mlango ukafungwa, ili wasisikie linalosemwa mbele. Sheria ilikuwa nyepesi. Mji ukisimama mpaka alfajiri ya gemu, Tukuyu wameshinda. Ukianguka, kiti kinashuka mteremko kwenda Kyela.

“Enyi wenye masweta!” alipaza sauti shabiki mmoja wa Kyela. “Hata kwenye gemu mnasikia baridi?”

“Tulia, mwanangu,” mama mmoja wa benchi la mbele akamjibu. “Utarudi na ndizi zetu, ukawape pole wenzio.”

Ndipo pembe ikalia, na hakuna aliyecheka tena.

Visanduku vikaanza kujitokeza kwenye ramani. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mto, vilikuja vinne kwa mpigo, vyote vya askari wa miguu, na juu ya kila kimoja vijiti vitatu, maana yake kikosi kikubwa. Upande wa kusini, penye kinamasi, kilikuwepo kimoja tu, kidogo, hakina hata kijiti juu. Ndani yake mlikuwa na kitana.

Lakini visanduku vile vinne vya mashariki vilikuwa na kitu. Mistari yake ya pembeni ilikuwa imekatikakatika, kama imechorwa na kalamu inayoishiwa wino. Alama hii vijana wa Tukuyu walikuwa wameikubalia maana siku nyingi. Walisema hao ni askari waliochoka. Ilionekana sawa: mstari umechakaa, basi na mtu amechakaa. Kila walipouona mstari huo walifungua lango, wakatoka kuwamaliza wachovu. Mara nyingine hawakukuta mtu nje. Wakasema, “Wametukimbia,” wakarudi ndani wakijisifu.

“Mashariki!” Gwakisa alisema. “Jeshi zima, na limechoka. Nafungua lango, tuwawahi kabla hawajapumzika.”

“Fungua!” ukumbi ukaitikia. “Tokeni! Tokeni!”

Bupe hakuitikia. Alikuwa ameweka kidole kwenye kioo, juu ya kisanduku cha kwanza. Kisanduku kikafika mtoni, mahali pasipo na daraja. Kikavuka. Hakikusita, hakikupunguza mwendo, hakikuzunguka. Kikavuka mto kama mtu anayevuka mstari wa chaki.

“Usifungue,” alisema.

“Bupe, muda unakwenda!”

“Nimesema usifungue. Mtu aliyechoka anavukaje mto bila daraja, na mwendo wake uleule?”

“Labda wana mitumbwi.”

“Mitumbwi ina alama yake. Hawa hawapo, Gwakisa. Mstari uliokatika siyo kuchoka. Ni mlinzi wetu wa mnarani anabahatisha. Ameona moto kwa mbali, akadhani jeshi. Kaka amewasha mioto kule, watu wake wako kwingine.”

“Siku zote tumesema wamechoka. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha.”

“Ndiyo. Na siku zote nimekosea.”

Lusajo akageuka kumtazama. “Na kama siku zote ulikuwa sawa, ila leo ndio unakosea?”

Mvua ilipiga bati. Mkono wa Gwakisa ulikuwa juu ya kitufe cha lango, kidole kimeinuliwa nusu. Bupe alijua anachoomba. Kama jeshi lile ni la kweli na wao wakaligeuzia kisogo, mji utakufa kabla chai haijapoa, na jina litakalobaki midomoni mwa watu litakuwa lake.

“Basi tutakuwa tumekufa kwa kosa langu,” alisema. “Kisanduku cha kusini kina mistari mizima. Hicho mlinzi amekiona kwa macho. Wachimbaji hawaji peke yao, wanakuja kufungulia wenzao mlango. Askari wote kusini. Sasa.”

Gwakisa akamtazama. Akakiondoa kidole kwenye kitufe.

Hivyo ndivyo Bupe alivyofanya.

Lakini kujua mahali adui atakapopita siyo kumzuia asipite. Walipoisogeza ramani kusini, wachimbaji walikuwa tayari chini ya ukuta. Ule mstari wa kijani unaoonyesha uzima wa ukuta ulikuwa umekuwa wa njano, na njano ilikuwa inaelekea nyekundu. Nyuma ya wachimbaji, kutoka kwenye mafunjo ya kinamasi, visanduku vizima vikaanza kuchomoza. Kimoja. Kingine. Vingine. Jeshi lote la Kyela lilikuwa pale.

Lusajo akafungua akiba ya mawe. Ilikuwa tupu. Waliyamalizia mawe mashariki, siku walipokuwa wakiamini kwamba adui hutokea mashariki.

“Hatuna kitu,” Gwakisa alisema.

“Tuna mji,” Lusajo akajibu.

Akaelekeza mshale kwenye ghala la nafaka, akabonyeza. Ghala likabomoka, likawa lundo la mawe. Watu wakaguna. Akahamia kwenye mnara wa katikati, ule mnara mrefu walioujenga kwa majuma mengi, ambao kila mgeni aliyeingia ukumbini alionyeshwa kwanza. Akabonyeza.

“Lusajo!” Mama Tusekile aliruka kutoka kwenye kiti chake. “Mwanangu, unabomoa kwetu?”

“Nabomoa nusu, mama, ili nusu ibaki.”

Hakujaribu kuuokoa ukuta wa nje. Aliuacha ufe. Nyuma yake akaanza kuinua mwingine, mpya, uliopinda kama mkono unaokumbatia, ncha moja huku, ncha nyingine kule. Alitaka atakayevunja ukuta wa kwanza ajikute amesimama ndani ya mfuko. Jiwe, jiwe, jiwe. Vidole vyake vilikuwa vinapiga kwa mapigo kama mtu anayetwanga. Nyumba ya wageni ikaondoka. Kisima kikaondoka. Ukuta wa nje ukawa mwekundu, mwekundu ukapauka. Jiwe, jiwe, jiwe. Ukuta mpya ukapanda, ukakaribiana, ncha zikatafutana.

Kisha mawe yakaisha.

Ulibaki upenyo mmoja tu, upana wa askari mmoja. Lusajo akatazama kushoto na kulia katika mji. Hapakuwa na cha kubomoa isipokuwa nyumba za watu wenyewe, na watu wakikosa nyumba katika gemu hii mji unahesabiwa umeanguka. Akaondoa mikono kwenye kibodi. Jasho lilikuwa linamtoka katika baridi ya Tukuyu.

“Nimefika mwisho,” alisema. “Pale pamebaki wazi.”

Hivyo ndivyo Lusajo alivyofanya.

Ukuta wa nje ukaporomoka. Gwakisa alikuwa amewapanga wapiga mishale wote juu ya ukuta mpya na kuwazimisha mienge, wakalala gizani bila alama yoyote. Akamchukua nahodha wake, yule askari mmoja ambaye kila mchezaji anakuwa naye, akamsimamisha kwenye upenyo. Nahodha wa mchezaji akifa, kioo cha mchezaji huyo kinazimika. Harudi tena mpaka mechi iishe, na jina lake halitokei kwenye ubao wa walionusurika. Gwakisa alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake.

Visanduku vya Kyela vikaanza kuingia kwenye mfuko.

“Piga!” ukumbi ukalia. “Piga, Gwakisa!”

“Bado.”

Wa kwanza wakafika katikati. Wakaanza kutafuta njia.

“Unasubiri nini? Wanaingia!”

“Bado. Nikipiga sasa walio nyuma watageuka, watakwenda kutoboa kwingine. Na kwingine hatuna ukuta wa pili.”

Yule aliyekuwa na haraka ya kila kitu akakaa kama jiwe lililosahauliwa. Visanduku vikajaa mfukoni, vikasukumana, vikapandiana. Vya mbele vikaliona tundu, vikamfikia nahodha. Uzima wa nahodha ukaanza kupungua. Robo ikaondoka.

“Gwakisa, kaka, piga!” Bupe alisema.

“Bado.”

Nusu ikaondoka. Nyuma kabisa, bendera ya Ambokile mwenyewe ikavuka kifusi cha ukuta wa nje, ikaingia.

“Sasa,” Gwakisa akasema, akatoa amri.

Mienge ikawaka ukutani kote, mara moja. Mishale ikashuka. Mfuko ule ukawa mahali pasipo na mbele wala nyuma, kwa maana wa nyuma walikuwa wanawasukuma wa mbele, na wa mbele walikuwa na njia moja tu, na kwenye njia hiyo alikuwa amesimama mtu.

“Mrudishe nyuma!” Lusajo alimwambia. “Wamebaki wachache. Mrudishe, utanusurika!”

“Hao wachache wakipita wanafungua lango kwa ndani. Hata mmoja anatosha.”

“Lakini kiti, Gwakisa. Ukizimika, watasema hukuwepo.”

Gwakisa akamwacha nahodha palepale. Uzima ukabaki kama uzi. Uzi ukakatika. Kioo chake kikawa cheusi, akajiona uso wake mwenyewe ndani yake. Akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka magotini, akakaa hivyo, akitazama vioo vya wenzake kama mtazamaji wa kawaida.

Mwili wa nahodha ulianguka palepale kwenye upenyo, ukauziba kwa muda. Muda huo ndio uliowatosha wapiga mishale.

Hivyo ndivyo Gwakisa alivyofanya.

Alfajiri ya gemu ikaanza. Nuru ikatambaa kwenye ramani kutoka mashariki, na kila ilipopita visanduku viligeuka kuwa vitu vyenyewe. Kule ng'ambo ya mto, palipokuwa na yale majeshi manne makubwa, palikuwa na majivu yanayofuka moshi. Kusini palikuwa na kifusi, na ukuta uliopinda, na mikuki iliyolala. Mji ulikuwa nusu ya mji, umenyofolewa mnara wake, ghala lake na kisima chake. Ulikuwa umesimama.

Ukumbi ulipiga kelele mpaka mvua haikusikika. Ubao wa walionusurika ukatokea, na juu yake majina mawili: Bupe, Lusajo. Pembeni yake gemu ikaandika alama za mji, na zilikuwa ndogo kuliko zote zilizowahi kuandikwa ukumbini pale, kwa sababu ya yale yaliyobomolewa.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Ambokile akatoka, wenzake wakimfuata wameinamisha vichwa.

“Pole, kaka,” Bupe alisema.

“Asante. Mmecheza.”

Mama Tusekile alikuwa ameshika simu. Saa kumi na moja ilikuwa imeshapita. “Nahodha,” alisema, “desturi unaijua. Simama hapa, utaje jina.”

Ambokile akasimama. Akawatazama watatu, mmoja mmoja.

Watu wakasubiri. Kimya chake kiliporefuka, wao wakaanza kusema badala yake.

“Ni Bupe,” alisema kijana wa benchi la kati. “Lango la mashariki lingefunguliwa, tungekuwa tunalia saa hizi.”

“Nani alituambia siku zote kwamba ule mstari ni wachovu?” mwingine akadakia. “Si huyohuyo? Mtu anapewa kiti kwa kuacha kukosea?”

“Lusajo basi. Ukuta uliotokana na ghala! Mmeona wapi?”

“Mji wenyewe ameumaliza. Soma alama ubaoni.”

“Gwakisa! Yeye ndiye aliyekufa.”

“Na ndiye aliyetaka kufungua lango. Halafu jina lake mbona halipo ubaoni?”

“Halipo kwa sababu amelitoa, wewe!”

Mama Tusekile akapiga meza kwa kiganja. “Wenyewe hawajasema. Lusajo?”

Lusajo alijikuna shingo. “Bila Bupe ningejenga mashariki. Bila Gwakisa, tundu langu lingekuwa mlango. Lakini pasingekuwa na ukuta, hao wote wawili wangefanyia nini kazi yao? Nakitaka kiti, mama.”

“Gwakisa?”

“Na mimi nakitaka. Sitadanganya watu hapa kwamba nilijitoa kwa sababu sikitaki. Nilikitaka hata nilipokuwa nazimika.”

“Bupe?”

Bupe alimtazama kaka yake, kisha akatazama sakafu. “Nakitaka,” alisema.

“Ambokile,” Mama Tusekile alisema. “Watu wanasubiri.”

Ambokile alisema kwa sauti ya chini. “Lango la mashariki lilipogoma kufunguka, nilijua kuna mtu amenisoma. Niliumia. Tulipovunja ukuta tukakuta ukuta, niliumia. Na yule nahodha kwenye tundu. Niliwaambia wenzangu, msukumeni, atarudi nyuma, kila mtu hurudi nyuma. Hakurudi. Hapo pia niliumia.”

“Hayo ni matatu,” Mama Tusekile akamwambia. “Tunataka moja.”

“Najua.”

“Si umtaje dada yako twende zetu?” shabiki wa Kyela akacheka kutoka nyuma. “Mama yenu amepika!”

“Akimtaja dada yake, mimi napinga sasa hivi,” akajibu mtu wa Tukuyu. “Hiyo siyo haki, hiyo ni damu.”

“Na asipomtaja kwa kuogopa maneno yenu, hiyo ndiyo haki?” mama wa benchi la mbele akauliza.

Ambokile alikuwa anapangusa viganja kwenye suruali. Simu ikaanza kuita mkononi mwa Mama Tusekile. Akaipokea, akaisikiliza, akasema, “Ndiyo, baba. Ndiyo, tunalo. Tupe dakika.” Akaiziba kwa kiganja.

“Wanafunga,” alisema. “Bila jina, kiti kinakwenda ukumbi mwingine. Hakiendi kwa Bupe, hakiendi kwa Lusajo, hakiendi kwa Gwakisa. Umesikia, mwanangu?”

“Nimesikia.”

“Basi sema.”

“Huyo ninayemwona mimi,” Ambokile alisema, “angezaliwa nyumba nyingine, ningekuwa nimeshasema tangu nilipofungua ule mlango.”

“Desturi ni jina, siyo maelezo. Taja jina.”

Ambokile akavuta pumzi. “Bupe,” akasema.

Bupe alifunika uso kwa viganja, na hakuna aliyejua kama ni furaha. Lusajo akafumba macho. Gwakisa akasimama.

“Napinga,” alisema, bila hasira. “Simpingi Bupe. Nampinga kaka yake.”

Kwa hiyo desturi ikarudi kwa walioketi. Mama Tusekile ameshikilia simu, upande wa pili kuna mtu anasubiri, na mikono inaombwa iinuke. Macho yaliyosoma, mikono iliyojenga, moyo uliosimama kwenye upenyo: ondoa kimoja, mji haupo. Na wewe umeketi ukumbini tangu pembe ilipolia, umeyaona ya ndani ya ukuta na ya nje yake, wala huna dada wala kaka kati yao.

Je, wewe ungeamua vipi?